Kituo cha kompyuta cha jamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu watu, mila na mazoea

Ukurasa huu ni wa kamati za vijiji, wahudumu, walimu na watendaji wanaofungua au kuendesha kituo cha TEHAMA kwa ajili ya jamii. Mifano mingi ni ya Tanzania vijijini, na michache ni ya Uganda na Kenya. Mashine tumezigusa pale tu zinapokutana na watu.

Siku hizi watu wana simujanja. Kituo cha nini tena?

Cha kupiga simu, hakihitajiki. Vituo vya mwanzo viliishi kwa simu na faksi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, IDRC (shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo), UNESCO na ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) zilijaribu vituo vya huduma nyingi katika nchi tano za Afrika: Timbuktu nchini Mali, Malanville nchini Benin, Manhiça na Namaacha nchini Msumbiji, Nakaseke nchini Uganda na Sengerema hapa Tanzania. Simu za mkononi zilipoenea, mapato ya simu yakakauka. Waliokuwa wametegemea simu peke yake wakaishiwa, na waliokuwa na jambo la pili la kufanya wakaendelea. Sengerema ilikuwa na redio ya jamii, Nakaseke ilikuwa na maktaba.

Kazi iliyobaki ni ile inayomshinda mtu mwenye kioo cha inchi sita: fomu ya HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), maombi kwenye Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali), TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kupunguza PDF iliyokataliwa kwa kuwa kubwa mno, kuchapa na kudurufu. Mshindani wenu hapo ni steshenari ya sokoni, simu haimo. Kama steshenari ipo, inafanya kazi vizuri na watu wanaiamini, msifungue nyingine ya kushindana nayo kwa pesa ya msaada. Kaeni na mwenyewe mpatane: yeye achukue kuchapa, ninyi mchukue mafunzo na wale asiowahudumia.

Kituo kikae wapi?

Kila jengo lina mwenyewe machoni pa watu, hata kama hati inasema ni la kijiji. Kituo kikiwa ndani ya ofisi ya chama, wa chama kingine watapita barabarani tu. Kikiwa uani kwa msikiti au kanisa, nusu ya kijiji itaomba ruhusa moyoni na kurudi nyumbani. Shuleni kuna ulinzi na umeme, lakini mtu mzima ambaye hakumaliza darasa la saba hapendi kuonekana akiingia darasani, na watoto hukalia mashine zote. Nyumbani kwa mwenyekiti ndiko kubaya kuliko kote. Uenyekiti ukibadilika, kompyuta zinabaki na mwenye nyumba.

Panapofaa ni mahali ambapo mtu ana sababu nyingine ya kwenda: karibu na zahanati, ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), gulio au mashine ya kusaga. Kabla ya kukubali jengo, simameni mbele yake siku tatu, mojawapo iwe siku ya gulio, mhesabu wanaopita: wanawake wangapi, wazee wangapi, wanatoka kitongoji gani. Angalieni pia aliyekaa mlangoni. Kama njia inapita katikati ya kijiwe cha bodaboda, wasichana hawatapita.

Mhudumu awe nani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Watu hawaiendei kompyuta, wanamwendea mtu. Kituo chenye mashine mbili mbovu na mhudumu mzuri kina foleni. Chenye mashine kumi na mhudumu mwenye kiburi kina vumbi.

Kosa lililozoeleka ni kumchagua kijana anayejua kompyuta kuliko wote kijijini. Huyo ndiye wa kwanza kuondoka. Akishapata cheti na uzoefu kidogo anaenda Mwanza au Dar es Salaam, na huwezi kumlaumu. Tafuteni mtu mwenye sababu ya kubaki: ana shamba, ana watoto shuleni, ana duka dogo. Kidato cha nne kinatosha. Kuchapa, kuskani, kujaza fomu na kutunza mashine vinafundishika kwa wiki chache. Subira na kufunga mdomo havifundishiki.

Wafundisheni watatu hata kama mnaajiri wawili, na angalau mmoja wa hao wawili awe mwanamke. Kwa mwanamke mmoja, mkutano mzima wa uhamasishaji hauna maana kama atamkuta mlangoni kijana asiyemjua.

Kuna utata mmoja. Mhudumu mzaliwa wa kijiji anaaminika, lakini pia anajua kila ukoo. Mtu mwenye karatasi ya hospitali, ya talaka au ya kesi ya shamba atapanda bodaboda hadi mjini na kulipa nauli ili tu jirani yake asiione. Ukiona watu wanachapa kwenu mitihani na mialiko ya harusi lakini barua nzito hazifiki, ujue siri ndiyo shida. Dawa yake iko kwenye swali la siri hapa chini.

Malipo: kujitolea hudumu kadiri matumaini ya ajira yanavyodumu. Lipeni posho isiyobadilika, hata ndogo. Asilimia ya kila karatasi isiwe malipo pekee, kwa sababu mhudumu anayelipwa kwa karatasi hana muda na mzee anayeuliza, na atachapa kurasa tano palipotosha mbili.

Wazee wanakuja mara moja, hawarudi. Tunakosea wapi?

Angalieni mikono. Mzee amekaa, mhudumu wa miaka ishirini na mbili amesimama nyuma yake. Kishale kinakimbilia pembeni mwa kioo. Kijana ananyosha mkono juu ya bega la mzee, anakamata kipanya, anabofya mara mbili: "Tayari, mzee." Huduma imetolewa, ila mzee hajajifunza kitu, na mbele ya wajukuu wanaosubiri zamu ameonekana hawezi.

Kanuni tunazopendekeza ni hizi. Mhudumu anaamkia kwanza, shikamoo na habari za nyumbani, ndipo aulize shida. Kuanza na "nikusaidie nini" mjini ni uchangamfu, kijijini ni kukosa adabu. Anakaa kando, kwenye kiti cha kimo kilekile. Anaonyesha kwa kalamu na hagusi kipanya. Mzee akikosea, kijana anasema "turudie" na hasemi "umekosea". Kasi ya kishale ipunguzwe na maandishi yakuzwe kabla mzee hajakaa, si baada ya kulalamika.

Watengeeni saa yao, mathalani Jumanne na Alhamisi saa 4 hadi saa 6 asubuhi, bila wanafunzi chumbani. Somo la kwanza lisiwe kuchapa. Vituo vingi huanza na mchezo wa karata uliomo kwenye kompyuta kwa sababu unazoesha kipanya, lakini wazee wengi wa dini huona karata ni kamari, na habari inafika msikitini kabla ya saa sita. Tumieni programu ya kuchora: aandike jina lake kwa kipanya, achapiwe, aende nalo nyumbani. Baada ya hapo fuateni analolitaka yeye: bei ya pamba au korosho, picha ya mjukuu aliye Omani, barua ya madai ya kiwanja.

Wanawake hawaji. Tumetangaza kwenye mkutano wa kijiji na hawaji bado.

Tangazo si kizuizi chao. Vizuizi viko vinne na kila kimoja kina njia yake.

Muda. Asubuhi ni shamba na maji, jioni ni kupika. Katika vijiji vingi nafasi huwa kati ya saa 8 mchana na saa 10 jioni, ambao ndio wakati wanafunzi wametoka shule na kujaza viti. Acheni angalau nusu ya mashine kwa watu wazima saa hizo.

Heshima. Mwanamke kuonekana ndani ya chumba na vijana, mlango umerudishwa, pazia limeshushwa, ni maneno ya wiki nzima. Mlango ubaki wazi, dirisha lisiwe na pazia zito, mhudumu mwanamke awepo kweli na asiwe jina tu kwenye orodha. Pwani na kwingineko mke hutoka na mwenzake. Waruhusuni wawili wakae kwenye kompyuta moja na mtoze ya mtu mmoja.

Ruhusa. Kumpita mume hakusaidii, na kumhutubia kuhusu usawa kunasaidia kidogo kuliko mnavyodhani. Njia inayofanya kazi ni kikundi. Kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) kikishakutana Jumatano, wanachama watano wanakuja pamoja moja kwa moja kutoka kwenye kikao. Anayeulizwa nyumbani alikuwa wapi, alikuwa kikoba. Waanze na kazi ya kikoba chenyewe: katiba ichapwe, daftari la hisa liingizwe kwenye jedwali, riba ijumlishwe yenyewe. Mweka hazina atakuwa wa kwanza kurudi peke yake.

Manufaa. "Mafunzo ya kompyuta" hayamwambii mtu atapata nini. Nakaseke kulikuwa na CD iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake wa vijijini, yenye picha na sauti kwa Kiluganda na Kiingereza, kuhusu njia za kujipatia kipato. Asiyejua kusoma aliweza kuitumia kwa kubofya na kusikiliza. Somo lilikuwa fedha, kompyuta ilikuwa njia ya kulifikia.

Je, kuweka siku ya wanawake tu? Pale wanawake wenyewe walipoiomba, ndiyo. Pale kamati ilipoibuni, siku nyingine sita hugeuka kuwa za wanaume. Jambo dogo la mwisho: wekeni mkeka na vitu vya kuchezea mtoto. Mtoto atakojoa sakafuni, basi nyaya zipite juu ukutani na soketi ya kurefusha isilale chini.

Kwa nini namba ya uthibitisho inaleta ugomvi nyumbani?

Kwa sababu inakwenda kwenye simu ya mtu mwingine. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze 2019, wengi ambao hawakuwa na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) walisajiliwa laini na mume, kaka au mwana. Mama anajaza fomu kituoni, ujumbe wenye tarakimu sita unaingia kwa mume aliye shambani au safarini, na muda wa namba unaisha. Mbaya zaidi ni pale mume asipojua fomu inajazwa.

Ulizeni kabla ya kuanza: "Laini hii ni yako mwenyewe? Simu unayo hapa? Ina chaji?" Jibu likiwa hapana, ahirisheni hadi simu iwepo. Msitumie namba ya mhudumu. Inaonekana ni msaada, lakini huduma za barua pepe huwekea namba moja kikomo cha akaunti, na mteja akisahau nywila mwakani njia pekee ya kuirejesha iko mfukoni mwa mhudumu aliyekwisha hamia mjini.

Majina hayalingani kwenye vyeti. Nani wa kulaumiwa?

Hakuna. Mtu ana jina la nyumbani, jina la ubatizo au la Kiislamu, jina la baba na jina la ukoo, na kila ofisi ilichukua mawili iliyoyataka. Mohamed wa cheti cha shule ni Muhammad wa NIDA. Mwaka wa kuzaliwa wa wazee mara nyingi ni wa kukadiria. Mfumo wa kompyuta haujui hayo, unakataa tu.

Kabla ya kufungua fomu yoyote ya serikali, laza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha shule, ulinganishe herufi kwa herufi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo makosa mengi yanaonekana kwa macho. Isomeni kwa mafungu: nane, tano, tano, mbili. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anachapa. Zikitofautiana, msibahatishe wala msi"rekebishe" jina ili fomu ipite. Mwombaji wa mkopo wa chuo ambaye cheti chake hakijahakikiwa RITA atakwama baadaye, dirisha likiwa limefungwa. Mpelekeni kwanza kwenye marekebisho au kwa wakili wa kiapo, na mwambieni hivyo mapema, maana wazazi huja wiki ya mwisho.

Siri za wateja tuzitunzeje kwenye chumba kimoja?

Anzeni na daftari la nywila. Karibu kila kituo kinalo: daftari la mhudumu lenye barua pepe na nywila za watu wote "ili wasisahau". Lichomeni. Badala yake kata kadi ndogo, mteja aandike mwenyewe au aandikiwe na mtu anayemtaka, aiweke pamoja na vyeti vyake.

Kila jioni, kwenye kila mashine: futa folda ya vilivyopakuliwa, futa folda ya skani, ondoa akaunti za WhatsApp zilizoachwa wazi, mwaga pipa la taka la kompyuta. Kivinjari kifunguliwe kwa hali ya mgeni, na kuhifadhi nywila kuzimwe kabisa. Printa iwe mahali ambapo mteja anaichukua karatasi mwenyewe, isipite mkononi kwa watu watatu. Karatasi zilizoharibika zichanwe. Msizitumie kufungia vitumbua. Limetokea hilo, na karatasi ilikuwa ya kliniki.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinamgusa anayekusanya taarifa za watu, hata akiwa kijijini.

Kuna uvumi kwamba kituo ni cha Frimasoni.

Uvumi huu hufuata msaada usioelezeka: vitu vya gharama vimekuja bure, vimeletwa na wageni, kuna dishi juu ya paa, na watu wanapigwa picha na kuandikwa majina. Mtu mwenye akili anauliza wanataka nini.

Msicheke. Bandikeni ukutani karatasi moja: nani ametoa nini, kwa muda gani, kijiji kimeahidi nini, na mashine zitakuwa za nani mwisho wa mradi. Siku ya kufungua, waiteni imamu na mchungaji waingie, waguse, waulize, kabla ya mheshimiwa yeyote kukata utepe. Na punguzeni kupiga picha. Mtu apigwe akikubali, aonyeshwe picha, aambiwe inakwenda wapi.

Huduma iwe bure au kwa malipo?

Malipo madogo, yaliyoandikwa ukutani, na msamaha uliowekwa wazi. Bure huleta watoto na kuwafukuza watu wazima, na mwisho hakuna pesa ya tona. Bei isiyoandikwa ni mbaya zaidi, kwa sababu ndugu wa mhudumu hawalipi, asiyejulikana analipa mara mbili, na wote wanajua.

Piga hesabu kwa kuanzia na gharama. Tuseme umeme, bando na posho ni Sh 400,000 kwa mwezi, na kazi nyingi ni karatasi ya Sh 200 ambayo inabakiza Sh 120 baada ya karatasi na wino. Mnahitaji karatasi zaidi ya 3,300 kwa mwezi, yaani takribani 130 kwa siku kwa siku 26. Kijiji kidogo hakifiki hapo nje ya msimu wa mitihani, kwa hiyo ongezeni wakala wa miamala, picha za pasipoti, kuchaji simu. Malipo yapite kwenye Lipa Namba (namba ya kupokea malipo kwa simu) ya kituo, yasipite kwenye namba ya mhudumu.

Vituo vya Pasha nchini Kenya vilianzishwa kwa mikopo kwa wajasiriamali. Deni humlazimisha mwendeshaji kuhesabu, hilo ni zuri, lakini rejesho la kila mwezi halisubiri mavuno. Mkikopa, ombeni ratiba inayofuata msimu wa mazao.

Vijana wanabeti na kutazama picha za ngono. Tufunge mitandao?

Geuzeni vioo kwanza. Meza zikae ukutani, vioo vikitazama katikati ya chumba, mhudumu akae anapoviona vyote. Hilo peke yake linamaliza sehemu kubwa ya tatizo, kwa sababu aibu bado ina nguvu kijijini.

Kisha kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawia mashine mipangilio ya mtandao), badilisheni DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) iwe 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ni huduma ya bure inayozuia tovuti za ngono na za virusi. Haizuii tovuti za kubeti, hizo ziandikeni moja moja kwenye orodha ya kuzuia ya ruta. Haitamzuia mwenye bando lake wala mwenye VPN (programu ya kukwepa vizuizi), na ndiyo maana vioo vilitangulia. Badilisheni pia nywila ya ruta iliyokuja nayo kiwandani, maana kijana wa kidato cha tatu anaijua.

Faragha ya fomu na uwazi wa vioo vinagongana. Tengeni mashine moja tu, karibu na mhudumu, yenye kizuizi pembeni, kwa ajili ya shughuli za siri.

Tufungue saa ngapi?

Saa za ofisi ni za ofisi. Msimu wa kulima na kupalilia, mchana kituo ni kitupu. Msimu huo fungueni saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Ijumaa fungeni saa 6:30 hadi saa 8 mchana. Jumapili asubuhi hakuna mtu, na penye Wasabato Jumamosi ni hivyo hivyo. Ramadhani pwani, watu hutoka baada ya tarawehe. Msiba ukitokea kijijini, fungeni bila kujadili. Kituo kinachobaki wazi wakati wa mazishi kinakumbukwa kwa muda mrefu. Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutoka Januari, na dirisha la mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, kwa hiyo nunueni karatasi na tona mwezi mmoja kabla.

Kompyuta ziwe kwa Kiswahili?

Mashine za huduma, ndiyo. Za mafunzo ya vijana, waulizeni. Wengi watataka Kiingereza kwa sababu ndicho watakachokikuta kazini, na kubandika karatasi ya maelezo kwa Kiswahili kando ya kioo kunatosha. Mhudumu azungumze lugha ya mteja. Bibi wa Kisukuma asilazimishwe Kiswahili cha redio.

Wenye ulemavu na wenye ualbino?

Familia nyingine huwaweka ndani, hivyo kusubiri waje ni kujidanganya. Mwulizeni mwenyekiti wa kitongoji, na mwende nyumbani.

Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa urefu wa mita 1.8. Kwa asiyeona, pakueni NVDA, programu inayosoma kioo kwa sauti, ni ya bure, na sauti yake ya eSpeak NG ina Kiswahili. Inasikika kama roboti lakini inaeleweka, mtu huizoea. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na mwanga humwumiza, basi asikae akitazama dirisha. Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa, kitufe cha Windows na alama hiyohiyo huleta kikuzaji cha kioo kizima. Awe huru kusogeza uso karibu na kioo bila mtu kumwambia arudi nyuma.

Umeme unakatika na watu wanakasirika.

Wanakasirikia foleni iliyopotea zaidi ya giza. Gaweni namba za foleni, na umeme ukirudi endeleeni pale pale.

Laptopu hula wati 30 hadi 60, kompyuta ya mezani na kioo chake 100 hadi 150. Laptopu tano za wati 45 kwa saa nane ni wati-saa 1,800. Ruta inaongeza 80. Kwa saa tano za jua kali kwa siku, na upotevu wa asilimia 30, mnahitaji paneli za wati 540 hivi, basi wekeni za 600. Printa ya leza msiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ndogo: ikipasha moto huvuta mamia ya wati, hata kufikia 1,000, na UPS ya VA 650 inazima kila kitu pamoja na fomu ya mtu iliyokuwa ukurasa wa nne.

Kuchaji simu huleta watu wasioingia kwa sababu nyingine. Tengenezeni rafu yenye namba na vibao viwili kwa kila namba, kimoja kwenye simu, kimoja kwa mwenyewe. Bila kibao hakuna simu, hata kama ni shemeji.

Zuieni pia masasisho ya Windows yasile bando: kwenye mipangilio ya Wi-Fi washeni "Metered connection". Sasisheni usiku mmoja kwa mwezi.

Kamati iundwe vipi isigeuke ya ukoo mmoja?

Watu saba wanatosha: wawili wa vikoba, mwalimu, kijana, mtu mwenye ulemavu, mmoja wa kitongoji cha mbali, na mmoja wa serikali ya kijiji ambaye si mwenyekiti wala mtendaji. Funguo ziwe mbili kwa watu wawili wasio ndugu. Mapato na matumizi yasomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Someni hata kama ni Sh 12,000 tu zilizobaki. Kelele nyingi huanza pale hesabu inaporukwa mara moja.

Mfadhili anataka idadi ya watumiaji. Watu hawataki kuandikwa.

Wanaogopa kodi. Acheni majina. Daftari liwe na safu tano: tarehe, jinsia, rika kwa makundi, kitongoji, huduma. Mhudumu anapiga alama tu. Mwisho wa mwezi msitazame jumla, tazameni mistari mitupu: kitongoji gani hakijaonekana, rika gani la wanawake halipo. Huko ndiko mhudumu aende mwezi ujao, akiwa na laptopu moja na printa ndogo ya wino.

Kituo chetu kilikufa miaka mitatu iliyopita. Tunaanzaje?

Msianze kwa kuomba kompyuta. Hesabuni zilizopo na mwandike kila moja iko kwa nani, kwa sababu baadhi zitakuwa majumbani na kuzidai ni kazi ya kikao, si ya mhudumu. Ulizeni watu ishirini, kumi wanawake, waliacha kwenda kwa sababu gani. Majibu ya kwanza yatakuwa "mtandao ulikuwa mbovu", endeleeni kuuliza hadi jina la mtu litajwe. Lipeni deni la umeme au mpatane na TANESCO, shirika la umeme. Fungueni na laptopu mbili, printa moja na huduma tatu tu, kwa siku tatu za wiki zilizochaguliwa na watumiaji wenyewe, mojawapo ikiwa siku ya gulio. Mashine ya tatu inunuliwe pale foleni ya hizo mbili itakapokuwa inafika nje ya mlango kwa wiki nne mfululizo.